Tuoshe Kuta, Tusifiche Nyufa



Ikikaribia Idd au harusi, sisi wanawake wa pwani hugeuka mafundi. Tunasugua vibaraza, tunatoa utando wa buibui kwenye kenchi, tunapaka chokaa, tunamwaga maji mpaka uani panang'aa. Hakuna anayetulipa, na wala hatudai. Lakini kazi hiyohiyo, ikifanywa nje ya nyumba ya mtu anayetaka kuuza au kupangisha, ina bei yake. Mwenye nyumba anaihitaji, dalali anaihitaji zaidi, na mwanamke mwenye ndoo, brashi na nidhamu anaweza kuifanya akiwa na stara yake yote.

Leo tunataka kuizungumza biashara hii ya kuosha nyumba kwa nje, na namna ya kuiuza kwa madalali na wauza nyumba. Mfano wetu ni Mtanda, hapa Lindi mjini, ingawa dada wa Kilwa Masoko, wa Mikindani au wa Unguja ataona mambo ni yaleyale. Tunasema mapema msimamo wetu: kazi hii ni halali na inatufaa, ila ina mtego mmoja. Mtego ni kuuza usafi kama pazia la kufunikia ubovu. Anayeuepuka mtego huo ndiye atakayedumu sokoni, na ndiye atakayekula riziki yake bila kuogopa Siku ya Hesabu.

Kuta zetu zina maadui wengi

Nyumba ya pwani huchoka haraka. Upepo wa bahari huleta chumvi inayokaa ukutani na kula mabati na nondo za madirisha. Kusini kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili, na mwaka mwingine hadi Mei. Ukuta usiopata jua katika miezi hiyo huota ukungu mweusi na utando wa kijani. Matone yanayodondoka kutoka kwenye paa hurusha udongo mwekundu chini ya ukuta, nyumba ikaonekana kama imevaa kanga ya matope. Kiangazi kikifika, vumbi linamalizia.

Sasa chukua nyumba iliyofungwa miaka mitatu kwa sababu wenyewe wako Dar es Salaam au Muscat. Ndani inaweza kuwa nzima kabisa, lakini mpita njia anaona gofu. Mnunuzi anasimama nje, anatazama ukuta mweusi, na kabla hajafunguliwa mlango ameshakata bei kichwani mwake. Hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Kuna majira yake pia. Pesa ya ufuta huingia mikononi mwa watu wa Lindi katikati ya mwaka, na ya korosho kuanzia minada ya Oktoba. Huo ndio wakati mtu hufikiria kununua kiwanja, kumalizia nyumba au kuhamia mjini. Kikundi chenye akili hakisubiri Oktoba ndipo kitafute wateja. Mvua zikikatika tu, Mei au Juni, kinapita kwa madalali na kuuliza: ni nyumba zipi mlizonazo ambazo picha zake hazivutii?

Fungu la mjane liko kwenye ukuta ule

Tunajua wapo watakaosema haya ni mapambo tu. Tuwape hesabu.

Nyumba nyingi zinazouzwa katika miji yetu ya zamani ni za urithi. Baba amefariki, watoto wametawanyika, na njia rahisi ya kugawana ni kuuza. Tuseme marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, na madeni na wasia vimeshatolewa. Nyumba ikiuzwa milioni 32, mjane anapata thumuni yake, milioni 4. Zinabaki milioni 28: mtoto wa kiume milioni 14, kila binti milioni 7.

Nyumba hiyohiyo ikiuzwa milioni 28 kwa sababu ukuta umetisha na wenyewe wamechoka kubishana bei, mjane anapata milioni 3 na laki 5. Zinabaki milioni 24 na laki 5, na kila binti anapata milioni 6 na elfu 125. Yaani mjane amepoteza laki 5, na kila binti laki 8 na elfu 75. Kwa mama aliyetoka eda na hana kipato, laki 5 ni mtaji wa genge.

Hatusemi kuosha ukuta kunaongeza milioni 4 kwa kila nyumba. Tunasema mnunuzi hutafuta sababu ya kukata bei, na uchafu ni sababu rahisi kuliko zote, tena ndiyo sababu ambayo gharama ya kuiondoa ni ndogo. Kwa hiyo unapokwenda kwa warithi, usiwaeleze habari za mashine na dawa. Waeleze habari za mafungu yao. Washauri warithi wote wakubaliane kwanza, na gharama itoke kwenye mali ya urithi kwa maandishi, asije mmoja akadai baadaye kwamba alilipa peke yake. Ukizungumza hivyo, hata shangazi mkali wa familia atakuelewa.

Singo au poda?

Bibi harusi anajua tofauti ya singo na poda. Singo inatoa taka, ngozi ikabaki ile aliyopewa na Mola wake, safi na yenye harufu nzuri. Poda inafunika. Zote zina mahali pake kwa mwari, lakini katika kuuza nyumba sisi tunataka kuwa watu wa singo tu.

Kisa cha Mtume wetu ﷺ sokoni, alichokipokea Abu Huraira na kikaandikwa na Imamu Muslim, kinatuhusu moja kwa moja. Alipita kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikakuta majimaji ndani. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume ﷺ akamuuliza kwa nini asikiweke kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akawakana wenye kughushi. Tazameni, dada zetu, hata kosa lenyewe lilikuwa ni unyevu uliofichwa chini ya ukavu. Ukuta wenye maji ndani uliopakwa rangi juzi ili uuzwe leo una tofauti gani na rundo lile?

Mifano ya kwetu ni hii. Ukuta unaotoa chumvi nyeupe kama unga unaonyesha kwamba maji yanapanda kutoka kwenye msingi, au kwamba matofali yalipigwa kwa mchanga wa ufukweni. Unaweza kuisugua chumvi ikaondoka, na itarudi. Ufa unaokwenda kama ngazi kufuata maungio ya matofali huenda unatokana na msingi uliotitia. Alama ya matope iliyonyooka ukutani, kimo cha goti, inasema mafuriko yalifika hapa. Mapema Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kuja kwetu pale Somanga, Kilwa. Tangu hapo mnunuzi mwenye akili anataka kujua maji yalifika wapi. Sisi tukiifuta alama ile na muuzaji akanyamaza, brashi yetu imeshiriki katika udanganyifu.

Je, tukatae kuosha? Hapana. Tuoshe, lakini kwa utaratibu. Kabla ya kugusa ukuta, piga picha za pande zote nne. Osha. Subiri ukuta ukauke, kisha rudi siku ya pili au ya tatu ukague: sehemu iliyobaki na kivuli cha maji wakati kwingine kote kumekauka, huenda ina maji ya ndani. Andika karatasi moja ya "Tuliyoyaona", mistari mitano au sita, umkabidhi mwenye nyumba pamoja na picha. Mwambie kwa adabu kwamba sheria yetu inamtaka aibainishe aibu ya nyumba kwa mnunuzi, na kwamba mnunuzi aliyefichwa aibu ya zamani ana haki ya kurudisha alichonunua. Usizunguke mtaani kuitangaza nyumba ya watu, hiyo ni amana. Lakini mnunuzi akikuuliza uso kwa uso, usiseme uongo.

Na mtu akikuita uzibe nyufa kwa plasta nyembamba "zisionekane kwenye picha", jibu ni hapana. Hiyo si kazi ya kuosha tena.

Namna ya kuzungumza na dalali

Hapa wengine wanatucheka. Wanasema dalali hataki ukweli, anataka nyumba iondoke. Sisi tunaona vingine. Lindi ni mji mdogo. Dalali anayemuuzia mwalimu nyumba inayovuja atakutana naye msikitini, sokoni na kwenye msiba. Chakula chake kinategemea kuaminiwa, na udalali wenyewe ni kazi halali yenye ujira halali akisema kweli. Akipata watu wanaoifanya nyumba ipendeze bila kumtia aibu baadaye, hatawaacha.

Basi mwendee na mambo matatu anayoyahitaji. La kwanza ni siku. Mwambie, "Tukisema Jumanne asubuhi, saa kumi jioni tumemaliza." Dalali anaumizwa na fundi wa kesho-kesho kuliko anavyoumizwa na bei. La pili ni picha. Madalali wengi huonyesha nyumba kwanza kwa simu, kwenye status na makundi ya WhatsApp, na picha mbaya inaua biashara kabla mteja hajapanda bodaboda. Mpe picha za kabla na za baada, zilizopigwa mahali palepale na saa ileile, bila kuchezewa rangi. La tatu ni ile karatasi ya "Tuliyoyaona". Mweleze kwamba inamlinda: siku mnunuzi atakapolalamika, ataonyesha kuwa mwenye nyumba alijulishwa.

Usimpe dalali maneno mengi. Mchagulie nyumba moja, oshea upande mmoja wa ukuta wa uzio bure kwa idhini ya mwenyewe, uuache upande wa pili ulivyo. Kila apitaye ataona. Tangazo hilo linashinda karatasi mia.

Suala la stara tusilipuuze. Vijiwe vya madalali ni vya wanaume. Nendeni wawili, au mtume kaka, mume au baba mwenye kuaminika kupeleka bei zenu kwa maandishi, kisha mazungumzo yaendelee kwa simu. Kazi ifanyike mchana na mwenye nyumba akijua nani anaingia. Katika picha, hakikisha hakuna mtu, hakuna nguo za watu kwenye kamba, hakuna dirisha lililo wazi linaloonyesha chumba. Mwenye nyumba akiona mnavyochunga sitara ya nyumba yake, mmeshampata.

Dalali akileta kazi na akataka chochote, si vibaya kumpa kwa makubaliano. Lakini iwe wazi na mwenye nyumba ajue. Bei inayopandishwa kwa siri ili dalali apate cha juu haina baraka.

Bei na deni

Taja bei kabla ya kulowesha ukuta. Pima urefu na kimo, pangeni bei kwa mita za mraba, kisha ongeza nauli, dawa na maji. Maji yana gharama kubwa kuliko wengi wanavyodhani, hasa bomba likikatika mkanunua kwa madumu. Usiseme "tutaelewana tu". Maneno hayo yamevunja udugu mwingi.

Utasikia pia, "Osha sasa, tutakulipa nyumba ikiuzwa." Nyumba inaweza kuuzwa wiki ijayo, au baada ya miaka miwili, au isiuzwe kabisa. Ujira unapaswa kujulikana, na muda wa kulipwa vilevile. Kubali nusu kabla na nusu baada ya kukagua. Kama lazima liwe deni, litajwe tarehe na liandikwe pamoja na mashahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni. Kwa nini sisi tuone haya kutoa kalamu?

Kuanza bila riba

Mtaji wa kuanzia si mkubwa. Brashi ngumu na laini, ndoo, ngazi imara, glavu, miwani, mabuti, na bomba la mgongoni kama lile la kupulizia mikorosho. Tahadhari: liwe jipya, lisiwe lililowahi kutiwa sumu ya shamba. Mashine ya presha inaweza kuja baadaye, au mkaikodi kwa waosha magari.

Mkihitaji zaidi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, kisha ikarejeshwa 2024. Kwa Mwislamu anayekimbia riba, huu ni mlango wa kuuliza kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii. Ni deni hata hivyo, na deni hulipwa.

Jifunzeni kazi yenyewe kabla ya kuiuza. Ukungu unauliwa na jiki iliyochanganywa na maji, isizidi kikombe kimoja kwa lita 4. Msichanganye jiki na dawa ya choo yenye tindikali wala na amonia, kwa sababu hutoa hewa ya sumu. Lowesheni maua na mboga kwa maji safi kabla na baada. Msipige mashine ya presha chini ya bati, maji yataingia darini, wala karibu na waya za umeme.

Na nyumba za zamani za mawe na chokaa zina adabu yake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalijengwa kwa matumbawe na chokaa, na kuta nyingi bado zimesimama baada ya mamia ya miaka. Chokaa huupa ukuta nafasi ya kupumua. Presha kali huichimba, na saruji ikipakwa juu yake hufungia unyevu ndani. Nyumba za aina hiyo zisafisheni kwa brashi laini na maji kidogo, kisha zipakwe chokaa. Magofu yenyewe msiyaguse kabisa, hiyo ni kazi ya wataalamu wa mambo ya kale.

Kwa bibi harusi

Mwanangu unayeolewa mwaka huu, haya yanakuhusu pande mbili.

Kwanza kama mpangaji. Mchumba wako atatafuta nyumba, na huenda akalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pamoja na mwezi mmoja wa dalali. Mwombe ndugu zako waitazame nyumba kabla hajalipa. Waguse kuta za ndani upande wa chini, wainue macho kwenye dari watafute duara za maji, wanuse makabati. Rangi mpya upande mmoja tu ni swali, na liulizwe. Nyumba yenye ukungu si mahali pa kuanzia maisha wala pa kulelea mtoto mchanga.

Pili kama mwenye mali. Mahari yako ni yako. Hakuna anayekulazimisha uyamalize kwenye makochi. Dada watatu wakiweka sehemu ya mahari yao pamoja, wanaweza kuwa na ngazi, mabomba na mashine, na kazi inayowafaa hata baada ya watoto kuja. Mama yetu Khadija, Allah amridhie, alikuwa mfanyabiashara, na alimpenda Mtume ﷺ kwa ukweli na uaminifu wake katika biashara ile.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza kwamba asiyeuonyesha ufa atajengewa jina baya, na jina la mwanamke katika mji mdogo halioshwi kwa jiki. Kwa hiyo tukiingia kwenye biashara hii, tuingie tukijulikana kwa jambo moja: wale wakina mama wa Mtanda wakiosha nyumba, unachokiona ndicho kilichopo.

Allah atupe riziki ya halali iliyo pana, atusitiri, na azijaalie nyumba zetu ziwe safi nje na ndani. Amin.